Mwezi Twauliza Mashahidi, Habari za Simu Twameza Bila Kutafuna

Kila jioni ya mwezi 29 Shaabani, simu zetu hapa pwani hazilali. "Umeandama!" anatuma mmoja. "Bado," anajibu mwengine. Wa tatu analeta picha ya mwezi mwembamba ulioning'inia juu ya bahari, picha iliyopigwa sijui mwaka gani wala nchi gani. Lakini pamoja na zogo lote hilo, hatuamki kula daku kwa sababu ya ujumbe wa simu. Tunangoja. Tunajua kwamba mahali fulani kuna watu wazima wameketi na wanauliza: Nani aliyeuona? Alikuwa wapi? Alikuwa na nani? Aliuona upande gani wa mahali jua lilipotulia? Pembe zake zilielekea wapi? Anayejibu ovyo ushahidi wake huwekwa kando, hata akiwa na ndevu nyeupe.

Najua kwamba katika jambo la mwezi tuna tofauti zetu, kuna wanaofuata wa hapa na kuna wanaofuata wa kwengine. Mjadala huo siuingilii leo. Ninachotaka tukione ni kwamba sisi watu wa pwani tunajua kumhoji mtu aliyeleta habari. Tunajua tangu zamani. Ajabu ni kwamba ujuzi huo tunautoa mara moja au mbili kwa mwaka, kisha tunaufungia kabatini pamoja na nguo za Idi.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka uliopita mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipoteza shilingi 18,500 kwa wakala wa ajira ambaye hakuwa wakala. Tangazo lilikuwa limepambwa: nembo ya serikali upande mmoja, picha ya wasichana waliovaa sare za hoteli upande wa pili, na maneno kwamba hoteli moja kubwa kule Qatar inataka wafanyakazi mia mbili, chakula na malazi juu ya mwajiri. Chini palikuwa na nambari ya simu. Akalipa 3,500 za usajili, kisha 15,000 za vipimo vya afya na viza. Hizo 15,000 zilitoka kwa mkufu wa dhahabu wa mamake uliowekwa rehani. Siku ya kwenda kuchukua barua, ile nambari haikupatikana tena.

Nilipokwenda kuwapa pole nikaanza, kama kawaida yetu watu wazima, kusoma hutuba. "Wewe umesoma, mama. Umemaliza kidato cha nne kwa alama nzuri. Vipi uliamini tangazo la simu?"

Akainamisha kichwa kwa adabu, akasema taratibu: "Mjomba, si ni wewe uliyelileta kwenye grupu ya familia?"

Nikatoa simu nikaangalia. Kweli. Saa mbili na nusu usiku, jina langu, na chini ya tangazo nimeandika kwa mkono wangu: "Vijana wetu changamkieni." Mimi nililipata kwa rafiki wa msikitini. Yeye alilipata kwa shemeji yake. Shemeji alilipata kwenye grupu ya mtaa. Katika watu wote hao hakuna hata mmoja aliyejiuliza lilianzia wapi. Na mpwa wangu aliliamini kwa sababu moja tu: limeletwa na mjomba, na mjomba huandika magazetini.

Baadaye nikafanya nilichopaswa kufanya kabla. Tuna Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na inaweka kwenye mtandao orodha ya mawakala waliosajiliwa kupeleka watu kazini nje ya nchi. Nikalitafuta jina la yule wakala. Halikuwepo. Kazi yote hiyo ilinichukua dakika nne. Kwa dakika nne ambazo sikuzitumia, dada yangu hana mkufu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria swali moja: binti huyu alikaa darasani miaka kumi na miwili. Alifundishwa mito ya Afrika, alifundishwa jinsi jani linavyotengeneza chakula, alifundishwa insha na ufupisho. Ni mwaka gani katika miaka hiyo alipofundishwa kukipima chanzo cha habari? Ni mwalimu gani aliyempa karatasi akamwambia, "Usiniambie inasema nini. Niambie imetoka kwa nani, na huyo amejuaje"? Nilimuuliza. Akasema hakumbuki hata siku moja.

Wala simlaumu mwalimu, maana hata mimi sikufundishwa. Nilipokuwa nasomea diploma yangu tulitakiwa mwisho wa kila kazi tuorodheshe vitabu tulivyotumia. Tulikuwa tunanakiliana orodha. Mmoja ameazima kitabu kimoja, wanafunzi kumi na wanane wanaandika kwamba wamekisoma. Orodha ilikuwa pambo, kama udi sebuleni wageni wakija. Hakuna aliyetuuliza kwa nini kitabu hiki na si kile.

Sasa mtaala umebadilika. Mtaala wa umilisi ulianza nchi nzima kwa madarasa ya chini Januari 2019, na kundi la kwanza likaingia sekondari ya msingi Januari 2023. Kwenye karatasi, mtaala huu umetaja mambo saba ambayo kila mtoto anapaswa kuyamiliki, na mawili kati yake ni kufikiri kwa makini na ujuzi wa kidijitali. Hayo ni maneno mazuri. Lakini angalia kinachotendeka nyumbani kwako jioni. Mtoto anakuja na kazi: "Tafuta habari kuhusu jambo fulani." Mzazi anatoa simu, ananunua bando, mtoto anaandika swali, jibu la kwanza linalotokea linanakiliwa, linapelekwa saiba kuchapishwa kwa rangi, kazi imekwisha. Tumembadilishia mtoto kitabu tukampa simu, lakini tabia ni ile ile ya kukariri, ila sasa anakariri bila hata kuhifadhi.

Kijana wangu yuko gredi ya nane. Muhula uliopita aliandika kuhusu Fort Jesus. Mstari wa kwanza ulisema ngome hiyo ilijengwa na Vasco da Gama. Mwalimu alitia alama ya sahihi.

Nikamuuliza umeyapata wapi maneno haya. "Google, Baba." Google ni nani? Akacheka: "Google ni Google tu."

Nikamwambia, mwanangu, hiyo ni sawa na kuniambia habari umeipata Marikiti. Marikiti si mtu. Marikiti kuna mzee anayekuuzia nazi akakwambia kwa kinywa chake kwamba hii imeoza, chukua ile. Na kuna anayepanga maembe mazuri juu na mabovu chini. Google inakufikisha sokoni, haikuchagulii embe. Hivyo hivyo na hizi programu za akili unde ambazo vijana sasa wanaziuliza kila kitu. Zinapanga maneno yanayofuatana vizuri, na mara nyingi huwa ya kweli, lakini zikikosea zinakosea kwa sauti ile ile ya kujiamini. Zinaweza hata kukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa.

Basi tukakaa na kalamu. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, mambo yakamwendea kombo, akaelekea Malindi ambako mpaka leo upo mnara unaoitwa kwa jina lake. Alifariki India mwaka 1524. Ngome yetu ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kukamilika 1596, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Tarehe hizo utazikuta kwa Makavazi ya Kitaifa wanaoisimamia ngome, na utazikuta kwa UNESCO walioiingiza katika turathi za dunia mwaka 2011. Kijana akatoa: 1593 ukiondoa 1524. Sitini na tisa. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwani alijenga akiwa kaburini?"

Hapo ndipo niliporudi kwenye elimu tuliyo nayo na tunaisahau. Watoto wetu wengi asubuhi wako skuli na jioni wako chuoni. Kule chuoni wanafundishwa hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, na wanafundishwa kwamba hadithi ina sehemu mbili: maneno yenyewe, na mnyororo wa waliyoyapokea. Fulani kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani. Wanazuoni kama Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, hawakuishia kutazama kama maneno ni matamu. Waliwachunguza wapokezi mmoja mmoja: kazaliwa lini, kafa lini, kasafiri miji gani, kumbukumbu yake ikoje, ni mkweli katika biashara zake. Mtu akidai kupokea kutoka kwa mwalimu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa, mnyororo umekatika. Viliandikwa vitabu vizima vya wasifu wa wapokezi kwa kazi hiyo tu.

Sasa tazama. Kijana wangu alipotoa 1524 kutoka 1593 alikuwa anafanya kitu hicho hicho. Na aya ya sita ya Suratul Hujurat, ambayo kila mtoto wa chuo anaisikia, inaagiza tuhakikishe habari tuliyoletewa na mtu asiyeaminika tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Elimu hii tunayo. Tatizo letu ni kwamba tumeiweka chuoni peke yake. Mtoto anatoka chuoni saa kumi na mbili, anafungua simu saa moja, na hakuna aliyemwambia kwamba ile simu nayo ina wapokezi.

Lakini niseme ukweli, kuna jambo moja ambalo zama hizi zinahitaji na ambalo halikuwepo zamani. Chanzo cha uongo siku hizi kinavaa vizuri. Wakala aliyemwibia mpwa wangu alikuwa na nembo, alikuwa na lugha rasmi, alikuwa hata na anwani ya posta. Ukiliangalia lile tangazo kwa makini namna gani, hutaona kosa. Na hapo ndipo walimu wengi wanapowaelekeza watoto vibaya bila kujua. Wanawaambia: angalia kama tovuti imepangika, angalia kama ina nembo, angalia kama haina makosa ya tahajia. Mwizi wa leo hana makosa ya tahajia.

Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Sam Wineburg na Sarah McGrew, walifanya jaribio ambalo kila mwalimu wetu angefaa kulijua. Walichukua watu 45: maprofesa 10 wa historia, wakaguzi wa habari 10, na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wakawakalisha mbele ya kompyuta. Miongoni mwa kazi walizopewa ni kulinganisha tovuti mbili za madaktari wa watoto. Moja ni ya chama kikubwa cha taaluma kilichoanzishwa 1930. Ya pili ni ya kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa misimamo yake, lakini jina lake linafanana na la kile chama na tovuti yake imependeza. Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya maprofesa, walidanganyika. Wakaguzi wa habari hawakudanganyika.

Je, walikuwa na akili kuliko maprofesa? Hapana. Tofauti ilikuwa mwendo. Profesa na mwanafunzi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma juu hadi chini, wakaitazama nembo, wakasoma ukurasa ambapo wenye tovuti wanajisifu. Mkaguzi wa habari alisoma kidogo tu, kisha akatoka. Akafungua kurasa nyengine kuuliza: wengine wanasemaje kuhusu watu hawa? Watafiti wakauita mwendo huo kusoma kwa kando.

Mzee wetu wa mtaa hahitaji Stanford kumwambia hilo. Posa ikija nyumbani, humuulizi bwana harusi kama ana tabia njema. Atasema anayo. Unatuma mtu kwa majirani zake, kwa imamu wa msikiti anaoswali, kwa bosi wake wa kazi. Ukitaka kumjua mtu usimuulize mwenyewe, waulize waliokaa naye. Tovuti ni vivyo hivyo. Tangazo ni vivyo hivyo.

Kwa hivyo somo ninaloliomba si somo kubwa la kuhitaji kitabu kipya. Ni maswali matatu ambayo mtoto wa gredi ya nne anaweza kuyashika kwa vidole. La kwanza: nani kasema mwanzo, si nani kanitumia? La pili: yeye amejuaje, alikuwepo, alipima, alihesabu, au naye kasikia? La tatu: nani mwengine, asiyehusiana naye, anasema hivyo? Tangazo la mpwa wangu lingeanguka kwenye swali la kwanza. Insha ya kijana wangu ingeanguka kwenye la pili. Picha za mafuriko zinazozunguka kila masika zikidaiwa kuwa za Mombasa au za Tana River huanguka kwenye la tatu, maana simu ile ile inaweza kukutafutia picha hiyo ilitokea wapi kwanza na mwaka gani.

Kuna kizuizi kimoja lakini, na wenzetu wa bara hawakihisi kama tunavyokihisi sisi. Uongo unatufikia kwa Kiswahili. Unakuja kwa sauti, umechanganywa na dua, unaongea kama shangazi. Ukweli unatufikia kwa Kiingereza, ndani ya waraka wa kurasa themanini, kwenye tovuti inayofunguka ikitaka. Mama anayeuza mahamri asubuhi akisikia sauti ya dakika mbili kuhusu chanjo ya mtoto wake, ataisikiliza. Waraka wa wizara hataufikia. Kisha tunamwita mjinga. Si mjinga. Ameletewa chakula kibovu mlangoni, na kizuri kimewekwa ghorofa ya tano bila ngazi.

Na hili ni haki yetu, si hisani. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 ya kupata habari inampa afisa wa umma siku 21 kujibu ombi lako, na saa 48 ikiwa ombi linahusu uhai au uhuru wa mtu. Akikataa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi tunaijua kama ofisi ya Ombudsman. Ni watoto wangapi wa skuli zetu wanaolijua hilo? Hebu fikiria darasa la gredi ya tisa hapa Kisauni, au Msambweni, au Lamu, likiandika barua kwa kaunti kuuliza basari ya wadi yao iligawanywa vipi. Kujifunza kuandika barua, kujifunza uraia na kujifunza kutafuta chanzo cha kwanza kwa mpigo mmoja. Tayari mtaala unataka kazi za mradi. Mradi ndio huo.

Nayasema haya sasa kwa sababu muda unakwenda. Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, kama Katiba inavyoagiza, tutapiga kura. Wengi wa watakaopiga kura kwa mara ya kwanza wamekulia kwenye simu. Kumbukeni 2022. Kura zilipigwa tarehe 9 Agosti na matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 15. Katika siku hizo katikati, vituo vya runinga vilionyesha hesabu tofauti, kila mtu akaamini kituo kinachompendelea, na maneno ya wizi yakatapakaa kabla ya hesabu kwisha. Ilhali Tume ya Uchaguzi ilikuwa imeziweka wazi kwenye mtandao zile Fomu 34A za kutoka vituo zaidi ya elfu 46. Vituo vya habari vilitofautiana kwa sababu kila kimoja kilikuwa kinajumlisha fomu kwa mpangilio wake, hiki kimeanza huku, kile kimeanza kule. Yeyote mwenye simu angeweza kufungua fomu ya kituo alichopigia kura yeye mwenyewe, akaisoma.

Sisemi kwamba fomu ikionekana basi hakuna tena la kuuliza. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na kuuliza ni haki. Ninasema anayetaka kuuliza aanze na fomu, asianze na sauti ya mtu asiyejitaja jina. Hapa pwani tunajua gharama ya uvumi wakati wa uchaguzi. Wazee wanaokumbuka Likoni ya 1997 hawahitaji mimi kuwasimulia.

Tena kuna upande wa sheria ambao vijana hawaambiwi. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 ilipopitishwa iliweka adhabu kwa anayechapisha habari za uongo kwa makusudi, faini hadi shilingi milioni tano, kifungo, au vyote viwili. Wanahabari na watetezi wa haki wameilalamikia sheria hiyo kwamba yaweza kutumiwa kuwafunga watu midomo, na wasiwasi wao nauelewa. Ndiyo maana naona heri watoto wetu wafundishwe darasani kuliko wafundishwe mahakamani.

Kuna atakayeniambia: bwana, skuli zetu hazina hata madawati, wewe unataka vyanzo vya habari? Ni hoja nzito. Tangu 2016 serikali imegawa vidubwana vya kidijitali katika skuli za msingi, na tumeona jinsi vifaa bila mafunzo vinavyoishia kufungiwa kwenye ofisi ya mwalimu mkuu visiibwe. Lakini hapa ndipo nilipo na tumaini, kwa sababu ninachokiomba hakihitaji kifaa. Mwalimu anaweza kuleta darasani ujumbe mmoja uliozunguka mtaani wiki hiyo, akauandika ubaoni, akawagawa watoto makundi manne waufuate nyuma: nani kapata kwa nani? Kundi moja liulize duka la dawa, kundi moja liulize zahanati, kundi moja liulize wazee. Ijumaa warudi na majibu. Chaki na miguu vinatosha. Na mwalimu anayetia alama asitie kwa jibu tu, atie pia kwa njia. Mtoto aliyeandika "sikupata uhakika, watu wawili wananipinga" apewe alama kuliko aliyenakili jibu zuri asilojua lilikotoka.

Maalimu wetu wa vyuo nao wana nafasi. Siku wanapofundisha wapokezi wa hadithi, watoe mfano mmoja wa simu. Mtoto ataelewa mara moja, na ataona dini yake inazungumza na maisha yake ya saa moja usiku.

Na sisi wazazi, ambao ndio wapokezi wa karibu zaidi, tuanze na sisi wenyewe. Mtoto hutazama kidole cha babake kinavyobonyeza. Kama unatuma kabla ya kusoma, naye atatuma kabla ya kusoma. Ukikosea, rekebisha pale pale ulipokosea, mbele ya wale wale uliowapotosha. Usifute kimya kimya usiku ukadhani umetubu.

Mimi nilifanya hivyo, ingawa nilichelewa. Niliandika kwenye grupu ya familia kwamba tangazo nililolileta lilikuwa la uongo, kwamba sikulihakikisha, na kwamba nitashirikiana na dada kuukomboa mkufu. Tumebakisha malipo mawili. Watu walikaa kimya siku nzima, kisha mama mmoja mkubwa akaandika, "Mungu akulipe kwa kusema." Tangu siku hiyo tumekubaliana: anayeleta tangazo la kazi, la dawa au la basari aandike na chini yake amelitoa wapi na kama ameliulizia. Asipoandika, mpwa wangu anamuuliza.

Na anauliza kweli. Juzi nilituma habari ya skolashipu nikidhani nimefanya jema. Haukupita muda, simu ikalia. "Mjomba, hii umeipata kwa nani?"

Nikaketi nikaitafuta. Ilikuwa ya kweli, lakini muda wake wa kutuma maombi ulikuwa umepita tangu mwaka juzi.